Makombe Yaliyokwisha Kazi

Mgongo ulikuwa umemchoka Bi Kinu, na yeye alikuwa ameuchoka mgongo. Kila asubuhi alipokea magunia mawili ya makombe ya chaza kutoka hoteli isiyojua pa kuyatupa, akayaosha, akayatwanga mpaka yakawa chenga. Chenga hizo alizijaza kwenye mapipa matatu nyuma ya karakana ya betri za magari. Maji machafu ya betri yalipita humo pipa kwa pipa kabla ya kuingia mtaroni, na madini ya risasi yaliyokuwamo yakabaki nyuma. Bila mapipa yale karakana ingefungwa zamani. Tajiri alilijua hilo, ila shukrani zake zilikuwa za kupimwa kwa kijiko.

"Bi Kinu, bado upo tu?" mafundi walimtania.

"Nikiondoka mtatwanga nyinyi? Mikono laini kama ya bibi harusi!"

Chenga zilizokwisha kazi zilitiwa kwenye gunia jekundu kusubiri gari la taka za sumu. Gari lenyewe lilikuja likijisikia.

Siku hiyo alifika mpimaji wa maji, binti mpole mwenye miwani. Alipima maji kwenye vichupa vyake, akatabasamu.

"Hongera, mama. Yanaingia na risasi tele, yanatoka karibu safi."

"Na hiyo risasi inakwenda wapi?"

"Iende wapi? Yote imo humu." Akaligonga gunia jekundu kwa kalamu. "Imeng'ang'ania makombe. Hata uyaoshe vipi, usidhani imetoka. Ndiyo maana hatutaki lifunguliwe."

Bi Kinu aliketi juu ya ndoo.

Nyumbani alikuwa na kuku saba wa mayai. Kila mfugaji anajua kuku hao hupewa makombe yaliyosagwa ili ganda la yai lisiwe teketeke. Mwanzoni aliwatwangia mapya. Kisha mgongo ukagoma, na gunia jekundu lilikuwa pale pale, limejaa chenga zilizokwisha kutwangwa, nyeupe pe. Aliambiwa ni sumu, kweli. Lakini aliziosha mara tatu, maji yakatoka maangavu, moyo ukatulia, akawapa kuku. Ukimwambia ni uvivu mtagombana. Ulikuwa uchovu tu, na mtu aliyechoka hujidanganya upesi.

Alirudi nyumbani akijikokota. Mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa jikoni akimenya yai la kuchemsha.

"Shikamoo mama. Leo mapema?"

"Marahaba. Weka hilo chini, mwanangu."

"Kulikoni tena? Si wewe wa kila siku kula, kula?"

Alimweleza yote akiwa amesimama, bila kujitetea. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Mkwe aliliweka yai kwenye sahani, akafuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Tangu lini?"

"Miezi minne."

Mkwe akavuta kiti, akakaa.

"Kesho asubuhi twende hospitali tukapimwe damu," alisema mwishowe. "Na wewe pia, mama. Si umeyala mayai hayo?"

Bi Kinu akatikisa kichwa.

"Sijala hata moja," alisema. "Yote nilikuwekea wewe."