Kopo la Lita Moja

Muuza maziwa alikuwa na kopo la bati ambalo mtaa mzima uliliita lita. Lilikuwa refu, safi, linang'aa, na alilijaza mbele ya macho ya mteja mpaka maziwa yakagusa ukingo. Nani angelalamika? Watu huangalia mdomo wa kopo, hawaangalii kitako. Na kitako hicho kilikuwa na mwenzake: fundi bati alilehemu kingine ndani, vidole vinne juu ya kile cha kwanza, kisha akafungwa mdomo kwa maziwa ya bure. Lita hiyo ilikuwa nusu lita na kidogo tu. Miaka tisa siri waliijua watu wawili, na mke wa muuza maziwa hakuwa mmoja wao.

Huyo mke alikuwa mtu wa kufuata maelekezo neno kwa neno. Walikuwa wanamlea mjukuu wa miezi minane, maana binti yao alifanya kazi mji wa mbali. Mtoto alipoanza kuharisha, muuguzi wa zahanati alisema dawa za pakiti zimekwisha, akamfundisha bibi kuchanganya mwenyewe: maji yaliyochemshwa lita moja, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko. Bibi akarudi njia nzima akikariri.

Nyumbani akachukua kopo, akalisuuza kwa maji ya moto. Muuza maziwa alikuwa amekaa mlangoni akivua buti, akaliona. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema, tena fupi. Lakini angeanzia wapi? Mkewe angetaka kujua tangu lini, na majirani wenye watoto wachanga je, na yeye amekuwa akilala na mtu gani miaka yote hii. Akajiambia chumvi ikizidi punje mbili tatu haiui mtu. Akavuta buti la pili.

Siku ya kwanza mtoto alikunywa kwa pupa, bibi akafurahi. Siku ya pili midomo ilimkauka, akawa analia kilio chembamba, na kila alipokunywa alizidi kuona kiu. Bibi akazidi kumpa, kama alivyoelekezwa. Muuza maziwa alitoka mapema na maziwa yake na kuchelewa kurudi, kwa sababu hakuweza kukaa nyumba moja na kilio kile. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mtoto akaanza kukakamaa.

Hospitalini daktari alisoma majibu ya damu mara mbili, akauliza walivyochanganya. Bibi akaeleza, akihesabu vijiko kwa vidole.

"Na maji, mama? Una hakika yalikuwa lita?"

"Nilipima kwa kopo la mume wangu, daktari. Mtaa mzima unapimiwa nalo."

Daktari akamgeukia muuza maziwa. Mkewe naye akamtazama, akingoja amtetee. Muuza maziwa akaitikia kwa kichwa.

"Basi utakuwa ulikosea chumvi, mama," daktari alisema taratibu.

Mtoto alikata roho alasiri ile. Binti yao alifika kesho yake, akamuuliza mama yake mara moja tu alitia chumvi vijiko vingapi, na baada ya hapo hakumsemesha tena. Muuza maziwa alikuwepo, alisikia. Aibu alikuwa nayo, lakini woga ulikuwa na nguvu zaidi.

Tangu siku hiyo mkewe aliogopa kupima chochote. Asubuhi moja muuza maziwa alimkuta jikoni amesimama mbele ya vikombe viwili vya chai, kijiko cha sukari kikiwa kitupu mkononi.

"Nipimie wewe, Baba," alisema. "Mkono wangu umeua."

Muuza maziwa akakipokea kijiko. Akatia sukari kikombeni, akakisawazisha vizuri kijiko cha pili kwa kidole, na kumuuliza kama anataka na cha tatu.