Chumvi ya Rosebellah

Mimi nikikasirika sijui kunong'ona, kwa hivyo vumilieni sauti yangu. Na bado nimekasirika. Nikiwa kwenye foleni ya kununua mkate, Mwatima ananijia kichwani na hamu ya mkate inaniisha. Mwanamke huyo alinifundisha kutafuta vitabu, nikamwita dada, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Naitwa Damaris. Niko Riyadh, supavaiza kwenye kampuni inayopeleka wanawake wa kazi kwenye nyumba za watu kwa mkataba. Wanawake wenyewe, wengi Wakenya, wanalala hosteli yetu huku Al-Naseem, na kila asubuhi mimi husimama mlangoni nikiita majina: fulani nyumba hii, fulani nyumba ile, yalla, gari linangoja. Jioni nasoma. Nasomea shahada ya uzamili kwa masafa, na chuo kimoja cha kwetu Nairobi, na utafiti wangu ulikuwa juu ya utamaduni wa taasisi. Msiogope hilo jina. Ni zile desturi za kazini ambazo hakuna aliyezitangaza lakini kila mtu anazifuata. Nilitaka kujua kwa nini mwanamke anadhulumiwa kwenye nyumba, anarudi hosteli, anaoga, analala, na ofisini hasemi neno.

Aliyenieleza vizuri kuliko wote alikuwa Rosebellah, mama wa Butere, mcheshi mpaka unashika mbavu. Kulikuwa na nyumba moja, ya kazi ya kulala hukohuko, aliyoikimbia kwa sababu baba wa nyumba alikuwa akimfuata jikoni kila madam akitoka. Alienda ofisini akasema. Ofisi ikamrudisha nyumba ileile, ati mkataba haujaisha. Alipokimbia mara ya pili alikuwa amekonda, na mlango ukijifunga kwa upepo anaruka. Sasa alikuwa kwa bibi mmoja mzee, mjane, wanapika na kutazama televisheni pamoja, na nyama ilikuwa imeanza kumrudi mashavuni. Lakini yule mtu wa nyumba ya kwanza hakuchoka. Alikuwa akipiga simu ofisini kila mara, anamtaka Rosebellah, hataki mwingine.

Sasa Rosebellah alikuwa na msemo wake. "Hapa ukisema chumvi imezidi, unapewa sufuria yote umalize." Aliutumia kwa kila kitu. Maji yakikatika, chumvi. Kitanda kikivunjika, chumvi. Hosteli nzima ilikuwa ikimwita Rosebellah wa chumvi.

Nilipomwomba nitumie maneno yake kwenye utafiti, kwa mara ya kwanza sikumwona akicheka. "Dada Damaris, mimi nikirudishwa kwa ile nyumba, sitoki mzima. Sikudanganyi."

"Jina lako halitatoka kinywani mwangu," nikamwambia. "Naapa."

"Haya. Wewe nakuamini." Akaniambia yote.

Nikatuma sura ya kwanza Nairobi. Dakta Nahashon, msimamizi wangu wa masomo, akanirudishia ikiwa imejaa wekundu. Wanawake wako wanaongea vizuri, akaandika, lakini wasomi wako wapi? Umenukuu blogu mbili na mhubiri wa YouTube. Tafuta maktaba, mama. Nilikasirika siku mbili, kisha nikakubali kwamba mzee alikuwa na haki. Maktaba ya chuo ya mtandaoni ilikuwa ikinikataa kila nikiingiza nywila, kwa hivyo siku yangu ya mapumziko nikavaa abaya, nikapanda teksi mpaka maktaba moja kubwa ya mjini, upande wa wanawake.

Pale kwenye dawati nikaanza kujieleza kwa Kiarabu changu cha kuitia wasichana kwenye gari. Mkutubi, mwanamke wa miwani, akanisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Sema Kiswahili tu, shoga yangu. Kiarabu hicho kitakuua."

Wee! Nilitaka kuruka dawati nimkumbatie. Unajua ni nini kukaa miaka huku, halafu mtu ambaye ulidhani ni wa hapa anafungua mdomo na ni kwenu? Mwatima binti Mbarouk. Wazee wake walitoka Unguja mwaka sitini na nne wakaweka makazi Jeddah, yeye akazaliwa huko, karatasi zote ni za hapa, lakini Kiswahili chake ni kitamu, hakijaguswa. Nyumba yao iko Al-Rawdah, Jeddah. Kazi ndiyo ilimleta Riyadh.

Na kazi anaijua, hilo sitamnyima. Nilikuwa nikiandika swali zima kwenye kisanduku cha kutafutia, kama ninayemwandikia mjomba barua. Akanicheka. "Mashine haitaki salamu, bibi wee. Ipe maneno mawili matatu. Likikataa neno, lipe nduguye: utamaduni wa taasisi, utamaduni wa shirika, mazingira ya kazi, maadili ya kazi." Akanionyesha kwamba ukipata makala moja nzuri, usiisome ukaiacha, nenda mwisho, kwenye marejeo, umwone mwandishi alimsoma nani, umfuate na yule, mpaka majina yaanze kujirudia. Hapo ujue umefika kwa wenyewe. Akanionyesha na tasnifu za wanafunzi wa vyuo vya hapa, hazijachapishwa, zimelala tu, na ndani yake mna dodoso zima la kupima utamaduni wa kampuni. Nilikuwa naenda kwake kila nikipata siku. Alikuwa akiniwekea vitabu pembeni kabla sijafika, na kahawa ya tangawizi kwenye chupa chini ya dawati, ingawa sheria haitaki.

Siku moja akaniuliza, "Hao wanawake wako wenyewe wanasemaje? Nipe maneno yao kama walivyoyasema. Kila jambo wasomi washalipa jina, ni kulitafuta tu."

Nikasita. Akaniona. Akaweka mkono wake juu ya wangu. "Swali la msomaji ni amana, Damaris. Likifika kwenye dawati hili halitoki. Ndiyo kazi yetu ilivyo."

Basi nikampa ile ya chumvi. Alicheka mpaka akavua miwani, akafuta macho, akasema, "Yarabi, huyo kasema kitabu kizima!" Kisha akaandika: ukimya wa wafanyakazi, hofu ya kusema, kulipiziwa kwa mlalamikaji. Tukayatia kwenye mashine yakatoka makala mpaka nikashindwa nianzie wapi. Nilifurahi kama mtoto. Usiku huohuo nikamtumia maelezo yangu yote, bila majina, ili aniongezee. Na aliponiuliza polepole, "Kampuni gani hiyo, shoga?" nikamwambia. Kwani nilikuwa naongea na nani? Si ni mtu wetu?

Baada ya wiki kadhaa bosi akatangaza kwamba masupavaiza na wakuu wa madereva wote tunaenda Jeddah, hedi ofisi, kuna mtaalamu ameajiriwa kutujengea utamaduni mpya wa kampuni. Nikampigia Mwatima nikicheka, nikamwambia dunia ni ndogo. Akaniuliza mara mbili ni siku gani. Kisha akasema yuko likizo nyumbani, nikimaliza nipite Al-Rawdah, atanipikia samaki wa kupaka.

Mtaalamu alikuwa kijana wa kanzu nyeupe iliyonyooshwa vizuri. Alianza kwa Kiarabu, akaingia Kiingereza, na alipotuona Wakenya tumekaa nyuma akatusalimu kwa Kiswahili laini cha Unguja. Nikampenda papo hapo, mjinga mimi. Kisha picha zikaanza kupita ukutani. Ukimya wa wafanyakazi. Hofu ya kusema. Kulipiziwa kwa mlalamikaji. Nikajiambia tulia, Damaris, wasomi wote husoma vitabu vilevile. Akabonyeza tena. Kwa herufi kubwa, Kiswahili juu na Kiarabu chini: Hapa ukisema chumvi imezidi, unapewa sufuria yote umalize.

Jackton, mkuu wa madereva wetu wa Riyadh, alikuwa kando yangu. Jackton si mtu mbaya. Ni mdomo tu, hauna breki. Akapasua kicheko, akasema kwa sauti, "Aa! Si huyu ni Rosebellah! Rosebellah wa chumvi!" Kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Bosi alikuwa ameketi mbele. Akageuka na kiti kizima. Akauliza kwa Kiarabu, kwa upole kabisa, "Rosebellah ni nani?" Mtu akamweleza. Akatikisa kichwa, akauliza tena, "Na sasa yuko nyumba gani?"

Wakati wa chai nilimwendea yule mtaalamu nikamuuliza jina. Akatabasamu. "Murad Mbarouk," akasema. "Nyumbani kwetu wanakungoja kwa chakula, au siye wewe Damaris?"

Tulipoachiwa alasiri nikaondoka, sikumbuki teksi ilipitia wapi. Mwatima alinifungulia mlango akiwa na harufu ya nazi. "Umefika shoga yangu! Ingia, jua hilo. Mbona uso umeukunja?"

"Ulimpa."

Hakujifanya hajaelewa. Alinivuta jikoni, akafunga mlango kwa sababu baba yake, Mzee Mbarouk, alikuwa sebuleni na wageni. "Majina sikumpa," akasema. "Hata moja. Yatazame mwenyewe, hakuna jina."

"Yale maneno ni jina lake, Mwatima! Hosteli nzima inamjua kwa hayo!"

"Mimi ningejuaje?"

"Ungeniuliza! Na hukuniuliza kwa sababu ulijua ningekataa!"

Akapunguza moto chini ya sufuria. "Murad kakaa mwaka mzima hana kazi," akasema. "Baba hali, halali. Kampuni ikamwita kwa majaribio, anatafuta kitu kilekile ulichokuwa ukikitafuta wewe, kampuni ileile, nami ninacho mkononi. Ningemficha ndugu yangu? Damu nzito kuliko maji, Damaris."

"Uliniambia swali la msomaji ni amana."

"Na Murad ni msomaji."

Nilimtazama. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akisema jambo kama hilo bila kupepesa. "Na mimi je?" nikauliza.

"Wewe umepata vitabu vyako, shoga. Kila mtu kapata."

Nikameza hasira, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mtu. Nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia kuna nyumba Riyadh ambayo yule mwanamke akirudishwa hatatoka mzima, na mwenye nyumba anapiga simu hata leo. Nikamwomba amwite kaka yake, sasa hivi, ampigie bosi amwambie maneno yale aliyatoa mahali pengine, kampuni nyingine, nchi nyingine, popote. Sentensi moja tu. Nilimwambia sitamdai lolote tena maishani.

Sebuleni sauti ya Mzee Mbarouk ilikuwa ikimwombea dua mwanawe, na wageni wanaitikia amina. Murad alikuwa amekwisha fika kutoka ofisini. Mkataba kamili walikuwa wamempa mchana uleule. Mwatima akasikiliza, machozi yakamlengalenga. Nikadhani nimempata.

"Siwezi kumwambia kaka yangu aseme uongo siku ya kwanza ya kazi," akasema. "Nisamehe. Kaa ule kwanza, tutazungumza."

Nikachukua mkoba wangu. Nilipokuwa napita sebuleni yule mzee akainua mikono akashangaa, mgeni anaondokaje bila kula? Nikamwambia asante baba, chumvi imezidi. Hakuelewa. Binti yake alielewa, na Murad alielewa, akatazama zulia.

Tuliporudi Riyadh ujumbe ulikuwa umefika kwenye simu yangu kutoka ofisini. Rosebellah atolewe kwa yule bibi mjane, arudi nyumba ya kwanza kumalizia mkataba wake wa zamani, wa kulala hukohuko, kesho asubuhi. Nikampigia bosi. Nikamwambia kuhusu ile nyumba, nikapaza sauti, nikasihi, nikalia hata. Akaniacha nimalize. "Damaris," akasema, "wewe ni supavaiza au ni wakili? Ikama yako inaisha lini?" Ikama ndiyo kibali changu cha kukaa nchini, na kiko mikononi mwake. "Halas, basi," akasema, akakata simu. Na mimi, mtafiti wa ukimya, nikabaki nimeketi kitandani na simu mkononi.

Rosebellah alikuwa tayari ameambiwa. Nilimkuta anakunja nguo. Nikamweleza kila kitu, Mwatima, Murad, Jackton, nikamwambia sikulitaja jina lake mahali popote, kwa Mungu aliye juu. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo.

"Lakini ulimwambia huyo mama wa vitabu," akasema.

"Nilimwambia."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anaongea Kiswahili," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akaendelea kukunja leso.

Asubuhi wanawake walijipanga mlangoni kama kawaida, na Jackton yuko ndani ya gari, injini inanguruma, hathubutu kunitazama. Nikaita wa kwanza, akapanda. Nikaita wa pili, wa tatu. Nikafika kwake. Nikafungua mdomo, na kile kiapo changu kikaja kikakaa hapohapo kwenye ulimi. Nikafunga. Nikafungua tena. Wanawake wote wakawa wananitazama. Mtu wa ofisi akapiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Yalla, Damaris! Yalla!"

Rosebellah akainama, akachukua begi lake, akaja mpaka usawa wangu.

"Usisumbuke kuniita, dada," akasema. "Jina wanalijua tayari."

Akapanda gari.