Shimo Mbele ya Meza ya Katibu

Jumamosi saa nane mchana, Atuganile alivua viatu vyake vya ofisini, akaketi kwenye mkeka uwani kwa Mwalimu Leodegar, pale Mtoni. Mwalimu alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo mwaka uliotangulia. Wenzake waliorudi naye walileta redio na majokofu. Yeye alileta mchezo.

Mchezo ulikuwa wa kusema. Mwalimu alieleza chumba cha handaki, na wachezaji wakasema wanafanya nini humo. Anayehofia mtego alitaja mahali anapopekua, kisha akarusha dadu yenye nyuso ishirini. Mahali asipopataja hapakupekuliwa. Dadu ya plastiki ilipopotea, Kasiani mchongaji alichonga nyingine ya mpingo, na tangu siku hiyo mitego iliyopatikana kwenye mkeka ilipatikana kweli mitaani Temeke pia.

Mwalimu hakuwahi kuona handaki hata moja, kwa hiyo vyumba vyake vilikuwa vile alivyovijua. Walipopekua mlango wa kwanza wakakuta waya umekazwa usawa wa vifundo vya miguu, Jumatatu waya huo ulikuwa mlangoni mwa stoo ya shule yake. Watoto waliuruka. Walipokuta sindano ndani ya kufuli, muuzaji wa duka la ushirika aliichomoa kwa koleo siku ya pili, akaendelea kuwaambia watu kwamba sabuni hakuna.

"Leo tupekue ofisi ya kata," alisema Kasiani. "Alhamisi naenda kuomba kadi ya kazi. Bora nijue mapema."

Ulikuwa mwaka wa msako. Asiye na kadi alipakiwa kwenye lori na kupelekwa shamba, mbali, akalime. Kasiani alichonga tangu alfajiri hadi jua kuzama, lakini hakuwa na kadi, na Rosalia mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Majuma matatu sasa alikuwa akipita vichochoroni tu.

Mwalimu alieleza chumba: benchi moja, dirisha la nyavu, meza mbili. Atuganile alikijua vizuri, kwa sababu meza ya pili ilikuwa yake. Alikuwa mpiga chapa wa kata.

"Napekua sakafu," alisema kwa sauti ndogo. "Kila mahali mtu anaposimama."

Dadu ilisimama kwenye ishirini. Mwalimu alifungua kitabu cha mchezo, akapitisha kidole kwenye orodha.

"Shimo. Mbele ya meza ya Katibu. Mita moja kwa mita moja. Linatokea kwingine."

"Kwingine wapi?" aliuliza Kasiani.

"Kitabu hakisemi."

"Basi nitapita pembeni. Ahsante, dada Atu, umeniokoa."

Atuganile aliona haya, akatazama mkeka.

Jumatatu shimo lilikuwepo. Katibu, Ndugu Mwinshehe, alilipima kwa rula, akateremsha ndoo kwa kamba. Ndoo ilirudi na udongo mwekundu na mihogo miwili. Akateremsha barua, na baada ya saa moja ikarudi imegongwa mhuri wa shamba lile lile ambako malori yalikuwa yakipeleka watu. Lori la kata halikuwa na dizeli kwa wiki ya tatu. Katibu aliagiza ngazi.

Jioni ile Atuganile alikwenda kwa Kasiani kumwambia asije. Kasiani alikuwa akigongagonga gogo kwa ukucha, akisikiliza kama ndani lina ufa.

"Nisipokuja watanikamata barabarani," alisema. "Nikija, angalau shimo nalijua lilipo."

Alhamisi alikuja amevaa shati la kanisani. Alilizunguka shimo kwa uangalifu, akasimama upande wa pili.

"Shikamoo, Ndugu Katibu."

"Marahaba. Kazi?"

"Nachonga mpingo."

"Mwajiri?"

"Mie mwenyewe."

"Nimekuuliza mwajiri, bwana. Hapa pana mstari, lazima uandikwe kitu."

"Si ndiyo nakwambia, mie."

Katibu aliweka kalamu chini. Alikuwa amechoka, na foleni ilifika hadi nje. "Basi ndugu yangu, huna mwajiri. Asiye na mwajiri hana kazi."

Atuganile aliacha kuchapa. "Ndugu Katibu, huyu anafanya kazi kutushinda sisi wote."

"Najua, dada. Kinyago chake kipo nyumbani kwangu. Wewe chapa."

Kasiani alilitazama shimo, halafu akamtazama Atuganile bila hasira. Hilo ndilo lililomuumiza.

"Niruke?"

"Hapana, bwana, kuna ngazi. Angalia kipago cha tatu, kimelegea."

Kasiani alishuka. Waliofuata kwenye foleni walisogea hatua moja mbele.

Baadaye wilaya iliipongeza kata kwa kuokoa mafuta. Saa sita mchana ndugu wa walioshuka waliruhusiwa kuongea nao, kila mmoja dakika tano. Rosalia alikuja kila siku, akapiga magoti kwa shida ukingoni.

"Umekula?"

"Mihogo. Mtoto anacheza?"

"Anacheza. Mwalimu anakusalimu."

Mwezi wa pili tangu Kasiani ashuke ikaja amri kwamba hata wa shambani wawe na kadi. Sasa Kasiani alikuwa na mwajiri. Atuganile alichapa kadi yake polepole, akijaza kila mstari: kazi, mkulima; mwajiri, shamba. Katibu aliigonga mhuri bila swali.

Rosalia aliishika kwa ncha za vidole. "Kwa hii anaruhusiwa kurudi?"

Atuganile alimsomea maneno ya nyuma: mwenye kadi hii ataonekana mahali pa kazi tu.

"Haya," alisema Rosalia. "Si aliitaka?"

Waliiweka ndani ya kikapu, wakakiteremsha. Kamba ilikaza, ikalegea. Wakasubiri.

"Imefika," sauti ya Kasiani ilisema kutoka chini. "Jina langu mmelipatia."

Atuganile akarudi mezani kwake, akaweka karatasi nyingine kwenye mashine.