Kaf ya Mama Yara

Dativa alianza kumhudumia Mama Yara siku chache baada ya mzee huyo kurudi kutoka hospitali, kwenye nyumba yake ya Vällingby, Uswidi. Kiharusi kilikuwa kimempooza mkono wa kulia na kumfutia Kiswidi chote alichokizungumza tangu ujana wake. Kilichobaki ni Kiebrania cha utotoni, cha kwao Haifa, nacho vipande vipande.

"Kaf," alisema asubuhi ya kwanza, machozi yakimlengalenga. "Kaf!"

Dativa, mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura, alilitafuta neno kwenye simu yake. Kijiko. Akafurahi, akaleta kijiko cha supu. Mama Yara akatikisa kichwa. Akaleta cha chai, kisha mwiko. Mzee akausukuma kwa mkono wa kushoto ukaanguka chini, akageukia ukutani.

"Nisamehe, mama," Dativa alisema kwa Kiswahili. Lugha gani sasa ingesaidia?

Jumamosi binti wa mzee alifika kutoka Göteborg. Hata koti hajavua, Dativa akamweleza kisa cha vijiko.

"Ni kweli, kaf ni kijiko," binti alisema. "Ila ukisema kaf yad, ni kiganja cha mkono. Kaf regel ni wayo wa mguu. Labda neno la pili linamponyoka."

"Kofi!" Dativa akamaka. Hata kwao kofi lilitoka kiganjani, na kanisani walipiga makofi kila Jumapili.

Akapiga magoti kando ya kitanda. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja ngumi tangu hospitali, na mzee hakukubali uguswe. Kila mtu alidhani umekufa ganzi.

"Kaf yad?" akauliza.

Mama Yara alifumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Dativa akailoweka ngumi katika maji ya vuguvugu, akaifungua kidole kimoja kimoja, bila haraka. Kucha zilikuwa zimezama kwenye nyama. Kiganja kilijaa vidonda.

"Ima, pole," binti akalia, akimwita mama yake kwa lugha yao.

Walimwita muuguzi. Vidonda vikasafishwa, kucha zikakatwa, na kitambaa laini kikaviringishwa ndani ya ngumi. Jioni hiyo Mama Yara alikula vizuri, akalala bila kugumia. Baadaye mtaalamu wa mazoezi alimletea gango la kunyoosha mkono, na vidole vikaanza kulegea.

Asubuhi moja, theluji ikidondoka matone kutoka paani, mzee alielekeza kidole kwenye dirisha.

"Halon."

Dativa akajaribu kulitamka. Ile sauti ya kwanza, ya kukwaruza karibu na kh, ikamkwama kooni, na Mama Yara akacheka mpaka akakohoa. Akalirudia polepole, kama mwalimu.

"Halon," Dativa akapatia. "Sisi tunaita dirisha."

"Di-ri-sha," mzee akasema, akingoja kusahihishwa.

"Ndiyo hivyo hivyo, mama."

Dativa akalifungua, na hewa baridi ikaingia chumbani.