Miti Yenye X

Wekulo alikuwa na ulimi wa mjini, na ulimi huo ndio uliomponza. Miaka yote aliyopiga randa Shauri Moyo, Nairobi, ilimfanya aamini kwamba hakuna swali la mbao wala la serikali lisilo na jibu kinywani mwake. Ndiyo maana mdogo wake Nabiswa alipofunga safari kutoka Kimilili, mwaka ule wa sabini na tisa, kuja kumwomba ushauri, Wekulo hata randa hakuiweka chini.

Nabiswa ndiye aliyebaki nyumbani na kale kashamba ka misonobari alikoacha marehemu baba yao. Miti ilikuwa imebanana, hainenepi. Sasa serikali ilikuwa imeleta mpango: mwenye msitu mdogo angesaidiwa nusu ya gharama ya kuutengeneza, na nusu nyingine angeitoa mwenyewe kwa jasho lake. Baadaye angekuwa na mbao za kuuza. Tegemeo la Nabiswa lilikuwa hilo tu, maana hakutaka kabisa kuja kutafuta kibarua Nairobi.

"Bwana misitu amepaka X nyekundu kwenye miti," akasema. "Akaniambia ile yenye X ndiyo niishughulikie. Sasa kaka, kushughulikia ni kufanya nini? Niikate, au niitunze nikate ile mingine?"

Wekulo akacheka mpaka mafundi wa jirani wakageuka. "Mwana wa mama, wewe mshamba kweli." Akamvuta mkono hadi nyuma ya karakana, penye vibanda vilivyopakwa X milangoni. "Unaona? Wiki ijayo hapa patakuwa vumbi tupu. X ni kubomoa. Na askari akikwambia atakushughulikia, utakaa umngoje akutunze?"

"Lakini yenye X ndiyo iliyonyooka, kaka. Ile iliyopinda hakuigusa."

Maskini, jibu alikuwa nalo mwenyewe.

"Serikali ndiyo hiyo. Ikitoa nusu, itataka nusu iliyo nzuri. Kata."

"Si afadhali nimuulize tena bwana misitu?"

"Umekuja kuniuliza au kunifundisha?"

Nabiswa akaaga. Baba hayupo, na neno la kaka mkubwa halipingwi. Alirudi Kimilili, akakata kila mti ulionyooka.

Bwana misitu alipokuja hakugomba. Alizunguka kwenye visiki, kisha akaeleza kwamba X ilikuwa ya miti ya kubaki. Iliyopinda ndiyo ingeondolewa ili mizuri ipate nafasi. Msaada ukaishia hapo. Msonobari ukishakatwa hauchipui tena, na ile iliyoangushwa ilikuwa myembamba bado, haikufaa ila kuni.

Nangila, mkewe Wekulo, ndiye aliyeleta habari hizo kutoka nyumbani. Alisema ukoo mzima unamwita Nabiswa mjinga, naye anajibu tu, "Nilikosea." Nabiswa hakumtaja aliyemwagiza. Wekulo aliumia, tena sana. Krismasi ilipofika alikwenda nyumbani akiwa amepanga kusema ukweli mbele ya wajomba. Aliombea chakula, akala kuku, akarudi Nairobi bila kusema kitu.

Mwaka uliofuata Nabiswa naye akaja mjini. Alipata kibarua cha kubeba magunia kiwandani, akapanga chumba Makadara. Kila Jumapili baada ya kanisa alifika kumwamkia kaka yake, kwa heshima ile ile. Wekulo alijaribu kila njia: kazi ikoje, mwenye nyumba hamsumbui, hana shida yoyote? Nabiswa alijibu kwamba yuko sawa, akauliza hali ya watoto.

Kisha siku moja Rispa, mama muuza chai pale karakana, akampongeza Wekulo kwa ndoa ya mdogo wake. Wekulo alikuwa hana habari. Kumbe Nabiswa alikwisha kupeleka mahari kwa wakwe, akiongozwa na mzee wa kanisa, mtu baki kabisa, katika shughuli ambayo ilikuwa haki ya kaka mkubwa.

Jumapili hiyo Wekulo alishindwa kujizuia. "Mbona hukuniuliza, mwana wa mama?"

Nabiswa alimwongezea chai kikombeni, polepole, asimwage. "Sikutaka kukusumbua, kaka."