Chipu Isiyo na Waya

Mhandisi Emerensiana aliandika skripti, programu fupi ya kompyuta, kwa sababu hakuyaamini macho yake. Mchoro wa chipu ya kupimia unyevu wa kahawa, kazi ya mkurugenzi wa kituo chao, Daktari Pankras, ulipendeza mno kwenye skrini; kila sehemu ilikuwa na jina lake kwa rangi. Kesho yake mgeni rasmi angeuzindua hapo Mbinga, kisha utumwe kiwandani ng'ambo.

Skripti ilipita kwenye kila kitu kilichomo mchoroni na kukiuliza: wewe ni aina gani? Waya? Mstatili? Au maandishi tu?

Majibu yakaporomoka. Maandishi. Maandishi. Maandishi.

Emerensiana akaenda kugonga mlango wa bosi.

"Mzee, kile kilichoandikwa 'Waya Mkuu' si waya. Ni maneno 'Waya Mkuu.'"

"Yamekosewa herufi?"

"Hapana. Lakini kiwanda hakitengenezi maneno. Mchoro mzima hauna waya hata mmoja."

Pankras akavua miwani, akaifuta taratibu. "Mama, nimezindua miradi mingi. Sijaona mgeni rasmi aliyeulizia waya. Wao husoma."

Kweli, kesho yake ukumbini mgeni alisoma. Alisoma "Kumbukumbu", akasoma "Ubongo", akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Kisha akamgeukia Emerensiana. "Na wewe dada, umetuandalia nini?"

Pankras alikuwa akimkazia macho. Emerensiana akaiendesha skripti, ukuta mzima ukajaa neno moja: Maandishi.

"Maana yake nini?"

"Maana yake, mheshimiwa, chipu haipo. Yapo majina yake."

Pankras akainuka, hata jasho hana. "Kwa lugha nyepesi, mheshimiwa, kompyuta imethibitisha kwamba maandishi yetu yamekamilika!"

"Hongereni sana!" Mgeni akaongoza makofi. Watu wakaenda kula mbasa, samaki walioletwa kutoka Ngumbo kando ya Ziwa Nyasa, na Emerensiana akabaki kuzima kompyuta.

Mwezi haukuisha, Pankras akapandishwa cheo, akahamia Dodoma. Kituo akaachiwa Emerensiana, pamoja na mchoro uliokwisha kuzinduliwa lakini haujatumwa kiwandani. Akafunga mlango, akaanza kuchora waya wa kwanza.

Simu ikaita. "Mama," alisema Pankras, "nasikia unarekebisha. Rangi usiguse."

"Sawa, Mzee," akajibu, huku akiendelea kuchora.