Sauti ya Kuongozea

Dada yangu ni mwimbaji wa opera. Nasema mapema ili mjue nashindana na nani. Ni yule mwanamke anayesimama jukwaani kwa gauni linaloburuzika, bila maiki, na sauti ikamfikia hata aliyekaa kiti cha mwisho karibu na choo. Kazi yake anaijua, sibishi. Lakini ingekuwa yangu.

Subirini, naeleza. Miaka ishirini na miwili iliyopita chuo cha muziki kilikuwa na nafasi moja tu ya kusomeshwa bure, na nyumbani tulikuwa wawili tunaoitaka. Mtihani ulikuwa saa nne asubuhi. Dada ndiye aliyekwenda kusoma tangazo ubaoni, akarudi akaniambia, "Mdogo wangu, wewe umepangwa saa nane." Siku yenyewe nikaamka taratibu, nikaoga, nikapiga pasi gauni. Nilipofika, mzee wa piano alikuwa anaifunika piano yake.

Nilimweleza mama. Dada akaapa, mkono kifuani, kwamba aliniambia saa nne. Mama akamwamini mkubwa wake, mimi akanibandika jina: Chelewa. Mpaka leo ananiita hivyo mbele za watu. "Huyu ni Chelewa wangu, angekuwa mbali, ila usingizi." Tangu siku ile sijachelewa popote, hata msibani, na hakuna anayeliona hilo. Sikutaka chuo tena, sikutaka magauni. Nilichotaka ni kimoja tu, mama ajue.

Na mimi naishi kwa sauti, msinione hivi. Naimba matangazo ya sabuni, naitikia nyuma ya mastaa, na zaidi naimba sauti za kuongozea. Yaani kabla staa hajaingia studio, mimi nauimba wimbo mzima, wapiga vyombo wananifuata. Staa akija anavaa hedifoni, ananisikia, anaimba juu yangu. Akimaliza, mimi nafutwa. Ndiyo kazi yenyewe.

Mwaka huu majumba ya opera yakaanza kumpa Dada nafasi za mama wa bibi harusi badala ya bibi harusi mwenyewe, kisha simu zikapungua kabisa. Prodyuza mmoja akamletea wazo: albamu ya nyimbo za watu, hizi zinazoimbwa saluni na jikoni. Nyimbo kumi. Isipouza, basi tena, abaki kufundisha watoto wa matajiri. Prodyuza akanipigia mimi niongoze. "Nyie ndugu," akasema, "sauti zenu zitakuwa zinaelekeana. Chagua kii wewe." Kii ndiyo inayoamua wimbo ukae juu au ukae chini.

Looo! Kanikabidhi mpini mwenyewe.

Dada sauti yake iko juu. Huko juu ni malkia, hakuna wa kumgusa. Chini hana kitu. Wanaolijua hilo ni wawili tu duniani, yeye mwenyewe na mimi niliyelala naye chumba kimoja miaka kumi na saba. Nyimbo zote kumi nikaziweka chini. Wapiga violini wakapiga, mpiga ngoma akapiga, kila mtu akafunga chombo chake akaenda zake. Dawa ya moto ni moto.

Na msiseme nilimvizia. Wiki tatu kabla nilimtumia nyimbo zote kwenye simu, na sauti yangu ndani. Angesikiliza hata mmoja angejua, angenipigia, angefoka, na kii zingebadilishwa. Alinijibu kwa maneno matano: "Nyimbo za redio nitaziimba nimelala."

Nikasema haya, lala.

Siku ya kurekodi alikuja saa tatu asubuhi, amemshika mama mkono. Eti amemleta aone. Tukamkalisha mama kwenye kochi nyuma ya fundi mitambo, mbele ya kioo. Ng'ambo ya kioo kuna kile chumba cha maiki, kuta zote sponji.

"Chelewa, na wewe umo?" mama akauliza.

"Nimo tangu saa mbili, mama."

Hakusikia. Macho yote yalikuwa kwa mkubwa wake.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mwanamke anayemwambia mume arudishe ufunguo wa nyumba, aende. Wimbo mdogo tu, wa kusemwa sikioni. Dada akaingia mle, akavaa hedifoni, akapumua kama anataka kupiga mbizi, akafungua mdomo. Taa nyekundu za kuonya kwamba sauti imezidi zikawaka mtambo mzima.

"Madam, usipande," fundi akamwambia. "Muziki uko chini. Shuka."

Akashuka, ukabaki upepo. Akajaribu tena, upepo. Mara ya tatu akakohoa.

"Mbona mwanangu simsikii?" mama akauliza. "Mashine yenu mbovu?"

Dada akaomba muziki upandishwe. Fundi akatikisa kichwa: kompyuta inaweza kupandisha, lakini hapo panapotakiwa kufika violini zote zitalia kama mbu. Dada akauliza ni nani aliyechagua kii hizi. Fundi hakuwa na sababu ya kunificha, akanitaja. Dada akanitazama kupitia kioo, muda mrefu. Nikampungia mkono.

Fundi ana huruma, hilo ndilo tatizo lake. Akamwambia, "Madam, usiimbe kwanza. Nakupa sauti ya kuongozea, ifuate kwa midomo tu mpaka ikuingie." Akanifungulia, mle kwenye hedifoni na huku kwenye spika zetu. Dada akafumba macho, midomo ikawa inacheza. Chumba kizima kikajaa mimi.

Mama akaweka mkoba chini. Akasogea mpaka ukingo wa kochi.

"Huyo!" akasema. "Huyo ndiye mwanangu! Nilijua tu!" Machozi yakaanza kumtoka. Akanigeukia. "Unamsikia mwenzako, Chelewa? Ungeamka mapema siku ile, na wewe leo ungeimba hivi."

Jamani. Nilitaka kucheka. Fundi akageuka amweleze, nikamfinya bega anyamaze. Nilitaka nimsikie Dada.

Dada akatoka. Mama akamshika mashavu kwa mikono miwili. "Sijawahi kukusikia ukiimba vile, mama yangu. Hata huko kwenye magauni yako, sijawahi."

Nikamtazama Dada, nikampa nafasi. Naapa, angesema "Mama, yule si mimi," ningewapigia simu wapiga violini mwenyewe, mmoja mmoja.

"Asante, mama," akasema.

Kikulacho ki nguoni mwako! "Fundi," nikasema, "zima hiyo mashine."

Nikasimama katikati ya zile nyaya, bila maiki, nikaimba ubeti wa pili. Sikupaza. Mama akakunja uso kwanza, kama mtu aliyekatizwa mazungumzo. Kisha akanitazama mdomo. Akatazama kioo, chumba kile hakikuwa na mtu. Akanitazama mdomo tena. Nikaimba mpaka mwisho wa ubeti.

Hakunisifu. Alimgeukia Dada, akauliza kwa ile sauti aliyokuwa akiulizia nani kavunja kikombe, tulipokuwa wadogo.

"Siku ile ulimwambia mwenzako saa ngapi?"

"Mama, mambo ya zamani hayo..."

"Nimekuuliza saa ngapi."

Fundi akajifanya anapanga nyaya. Dada alitazama zulia.

"Saa nane," akasema.

Mama akajishika kichwa. Akaniita kwa jina nililozaliwa nalo, akaniita tena, kisha akalia kwa sauti, akinivuta mkono nikae naye. Nikakaa. Na mimi nililia, sina haja ya kuficha.

Watu husema kisasi hakina utamu. Waongo! Au hawajawahi kukionja. Nilikuwa nimekingoja miaka ishirini na miwili, na kilikuwa kitamu kuliko nilivyowaza, na nilitaka kingine.

Dada akapiga magoti mbele ya kochi. "Mdogo wangu, nisamehe. Nilijua ungenishinda, ndiyo maana. Nisamehe, na uwaite wapiga violini tuzipandishe. Siwezi kuimba huko chini. Unajua siwezi."

"Najua," nikasema.

Nikainuka, nikamfungulia mlango wa chumba cha maiki, ule mzito, nikaushikilia kwa mgongo.

"Nyimbo ni kumi, Dada, na hujaimba hata mmoja. Ingia."